Mtaala wa maudhui au wa umahiri: namna ya kulinganisha kabla hujamchagulia mtoto shule

Mzazi anayetafuta shule hukutana na majina mengi kwa mpigo: mtaala wa taifa, Cambridge, IB, Montessori, mtaala wa umahiri. Kila shule inausifia wa kwake, na sifa zenyewe zinafanana: ubunifu, kujiamini, fikra tunduizi, maandalizi ya maisha. Ukizilinganisha sifa hizo hupati kitu, maana hakuna shule itakayoandika kwenye kipeperushi chake kwamba inakaririsha watoto. Tofauti za kweli zipo, ila zimekaa kwingine. Nitaanza na familia mbili kubwa, mtaala wa maudhui, unaopangwa kwa mada za kujua, na mtaala wa umahiri, unaopangwa kwa kile mtoto atakachoweza kufanya, kwa kuwa mitaala karibu yote yenye majina makubwa ni mchanganyiko wa hizo mbili kwa vipimo tofauti. Majina yenyewe yatafuata.

Mwaka 1949 msomi wa Marekani Ralph Tyler aliufunga mtaala katika maswali manne ambayo hadi leo waandaaji wa mitaala wanayarudia. Shule inakusudia kufikia malengo gani? Itawapa wanafunzi shughuli gani ili wayafikie? Shughuli hizo zitapangwa kwa mfuatano upi? Na itajuaje kwamba malengo yamefikiwa? Mtaala kamili unajibu yote manne. Muhtasari wa somo, azimio la kazi, vitabu vya kiada, ratiba na mitihani ni vipande vyake. Shule ikijitangaza, kwa kawaida hulijibu swali la kwanza tu, na hilo ndilo jepesi kuliko yote.

Jumuiya ya kimataifa ya IEA, inayoendesha upimaji wa hisabati na sayansi uitwao TIMSS, hutofautisha mitaala mitatu: uliokusudiwa, ambao umo kwenye maandishi, unaofundishwa, ambao mwalimu anauingiza darasani, na uliofikiwa, yaani kile ambacho mtoto ametoka nacho. Mitatu hiyo inaweza kupishana vibaya sana. Katika ulinganisho huu nitaegemea zaidi ule wa pili, kwa sababu ndio mtoto anaokutana nao kila asubuhi.

Mada moja, madarasa mawili

Chukua mada ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, tuseme nusu na theluthi, 1/2 + 1/3. Ni mada nzuri ya kupimia mtaala, kwa kuwa watoto wengi wa kila nchi hukosea hapo kwa namna ileile: wanajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wanaandika 2/5.

Katika darasa la mtaala wa maudhui, mada imeandikwa kwa jina lake, imepewa vipindi vyake, na mada iliyotangulia ilikuwa kigawe kidogo cha shirika (KDS). Mwalimu anaonyesha ubaoni: KDS ya 2 na 3 ni 6, nusu inakuwa 3/6, theluthi inakuwa 2/6, jibu 5/6. Fungua daftari la mtoto utaona tarehe, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, mfano uliofanywa na mwalimu, kisha maswali kumi yanayozidi ugumu kidogo kidogo. Aliyeandika 2/5 anapigwa kosa kwa kalamu nyekundu, anaelekezwa kwenye kanuni, anarudia. Wiki ijayo mada ni kutoa sehemu. Mwendo ni wa haraka, na mtoto aliyeelewa KDS anapanda nao bila shida.

Katika darasa la umahiri, lengo linaandikwa kwa kile mtoto atakachoweza kufanya: atumie sehemu kutatua tatizo na aeleze hoja yake. Mwalimu anagawa karatasi ndefu zinazolingana urefu. Mtoto anakunja moja katikati, nyingine katika sehemu tatu sawa, anaziunganisha nusu na theluthi na kutafuta kipimo kinachozigawa zote sawasawa. Aliyeandika 2/5 hapigwi kosa kwanza. Anaulizwa: mbili ya tano na nusu, ipi kubwa? Anapima, anaona kwamba 2/5 ni pungufu ya nusu. Umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukaishia na pungufu ya nusu? Swali hilo moja hufanya kazi ambayo kalamu nyekundu haiwezi, kwa kuwa mtoto anaondoka na kipimo cha kuyahukumu majibu yake mwenyewe hata akiwa peke yake.

Ukiishia hapo utasema umahiri umeshinda. Lakini fuata madarasa yote mawili hadi mwisho wa wiki. Darasa la maudhui limefanya maswali thelathini au zaidi. Darasa la umahiri, likiwa na mwalimu aliyeelemewa au asiyeandaliwa vya kutosha, limetengeneza bango zuri lenye rangi kuhusu sehemu, na kila mtoto amejumlisha mara tatu au nne tu. Mwezi mmoja baadaye kumbukumbu imefifia, kwa kuwa ujuzi wa hesabu hutulia kwa kurudiarudia kwa vipindi. Mtoto anayelazimika kuhangaika na 6 × 7 katikati ya swali la sehemu hana nafasi akilini ya kufikiria sehemu zenyewe.

Singapore walikwisha kuonyesha kwamba hulazimiki kuchagua upande mmoja. Hisabati yao ya msingi huanza na vitu vya kushika, inakwenda kwenye michoro, kisha inaingia kwenye namba na alama, njia ambayo chimbuko lake ni mawazo ya mwanasaikolojia Jerome Bruner. Mfuatano wa mada umepangwa kwa ukali, mazoezi ni mengi, na mwishoni mwa mwaka wa sita wa shule ya msingi kuna mtihani wa taifa. Uelewa na mazoezi vinakaa kwenye dawati moja.

Kila upande unatoa nini, unanyima nini

Nguvu kubwa ya mtaala wa maudhui ni mfuatano. Mzazi anajua mtoto atafundishwa nini na lini, na akibadilisha mwalimu katikati ya mwaka mada hazipotei. Uingereza, iliyoanzisha mtaala wa taifa kwa sheria ya elimu ya mwaka 1988, ni mfano wa wazi. Huko mtoto wa mwaka wa nne, mwenye miaka minane au tisa, anatarajiwa awe ameshika jedwali la kuzidisha hadi 12 × 12, na tangu 2022 shule za serikali za England zinalazimika kumpima kwa maswali 25 yenye sekunde sita kila moja. Unaweza kuupinga upimaji huo, lakini huwezi kusema hukujua kinachotakiwa.

Faida ya pili haisemwi vya kutosha: maarifa yenyewe ndiyo yanayowezesha kusoma na kufikiri. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu waliokuwa wanaufahamu mchezo walikielewa na kukikumbuka vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo shule inayokwambia kwamba haifundishi maarifa, inafundisha tu namna ya kufikiri, iulize watoto wanafikiri kuhusu nini. Fikra tunduizi juu ya magonjwa ya mimea zinamtaka mtoto ajue mmea unavyokula na kupumua. Hakuna stadi ya kufikiri inayoelea hewani bila somo.

Kinachonyimwa na mtaala wa maudhui ni muda. Muhtasari ukijaa mno, mwalimu anafundisha ili amalize. Mtoto aliyekwama anaachwa na msafara, na kwa kuwa mada zinajengana, pengo la darasa la tatu linakuja kudai deni lake darasa la saba. Pia mtoto huzoea kwamba jibu liko kwa mwalimu. Mpe swali lilelile kwa maneno mageni kidogo, anasema hawajafundishwa.

Mtaala wa umahiri unatoa kile ambacho mwenzake anasahau: mtoto anazungumza, anajaribu, anashirikiana, anatetea hoja, anaona somo lina kazi. Mwalimu anamfahamu mtoto mmoja mmoja kwa kuwa upimaji ni endelevu. Kwa mtoto mwenye haya, au aliyechukia shule kwa kuitwa wa mwisho, tofauti hii inaweza kumrudisha masomoni.

Ila umahiri ni mtaala ghali, na sizungumzii ada pekee. Unadai madarasa yenye idadi ndogo ya watoto, mwalimu mwenye ujuzi wa kina wa somo lake, zana, na muda wa kusahihisha kazi ambazo haziwezi kuwekewa alama ya vema na kusonga mbele. Mwalimu mmoja mbele ya watoto sabini hawezi kujaza fomu ya umahiri ya kila mtoto kwa ukweli. Atazijaza tu. Hapo ndipo ripoti inarudi nyumbani imeandikwa “amefikia matarajio” kila mstari, na mzazi hajui kama mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima bila msaada. Mzigo mwingine huhamia nyumbani: kazi mradi zinazodai vifaa na mtu mzima wa kusaidia, na hapo mtoto wa familia yenye muda anamwacha mbali mwenzake.

Watu wengi huitaja Finland kama nchi iliyofuta masomo na kubaki na miradi. Si kweli. Mtaala wao wa mwaka 2014, ulioanza kutumika Agosti 2016, unaitaka kila shule iwe na angalau moduli moja kwa mwaka inayounganisha masomo kadhaa. Muda mwingine wote hisabati ni hisabati na historia ni historia.

Tazama mtihani kwanza

Kama ningeruhusiwa kuuliza jambo moja tu kuhusu mtaala, ningeuliza unapima vipi. Mwalimu yeyote anajua kwamba kinachotoka kwenye mtihani ndicho kinachofundishwa, na kisichotoka hufundishwa ikibaki nafasi. Ukiandika mtaala wa umahiri halafu ukaweka mwishoni mtihani wa maswali ya kukumbuka, umeandika mtaala wa kukariri wenye jalada jipya.

Scotland ilionja hilo. Mtaala wao mpya ulianza kutumika mwaka 2010 ukiwa na malengo mapana: mwanafunzi aliyefaulu, anayejiamini, raia mwema, anayechangia. Mwaka 2021 shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, OECD, lilipoutathmini, likaukuta na mwelekeo mzuri lakini mitihani ya sekondari ya juu hailingani nao. Miaka ya chini mtoto alisoma kwa namna moja, akifika juu akakuta mchezo umebadilika. Finland wameepuka mgongano huo kwa sehemu, kwa kuwa miaka tisa ya elimu ya msingi haina mtihani wa taifa unaoamua hatima ya mtoto. Mtihani mkubwa unakuja mwishoni mwa sekondari ya juu.

Kwa hiyo pata karatasi moja ya mtihani wa mwisho wa hatua, isome polepole, maswali yote. Yakiwa mengi ni “taja”, “orodhesha”, “nini maana ya”, basi huo ndio mtaala, vyovyote utakavyoitwa. Yakiwa “eleza kwa nini”, “tumia jedwali hili kuonyesha”, “ni hoja ipi yenye nguvu zaidi na kwa sababu gani”, walimu watalazimika kufundisha kwa namna hiyo hata kama kwa hulka yao wanapenda kuimbisha.

Majina yenyewe

Mtaala wa taifa, popote ulipo, una faida moja isiyo na mpinzani: vyuo, waajiri na shule nyingine za nchi hiyo zinaufahamu, vitabu vinapatikana, walimu wameufundishwa, na mtoto akihama mji anakuta mada zilezile. Kwa familia ambayo maisha yake yako ndani ya nchi moja, hii ndiyo hatua ya kuanzia, na anayetaka kuiacha ndiye anayepaswa kuwa na sababu.

Cambridge uko karibu zaidi na familia ya maudhui, ingawa mitihani yake inadai matumizi ya maarifa. IGCSE, cheti chake cha sekondari, husomwa kwa kawaida kati ya miaka 14 na 16, kila somo lina muhtasari wake unaoweza kuusoma bure mtandaoni pamoja na baadhi ya karatasi za mitihani iliyopita. Baadaye A Level, ambapo wengi huchukua masomo matatu tu kwa miaka miwili. Humfaa kijana anayejua anachokipenda na yuko tayari kuzama humo. Asiyejua bado anaweza kujifungia milango mapema: akiacha kemia akiwa na miaka 16, udaktari unakuwa mbali naye katika vyuo vingi.

IB (International Baccalaureate) ulianzishwa Geneva mwaka 1968, na diploma yake ya miaka miwili ya mwisho inavuta upande wa pili, upana. Mwanafunzi anachukua masomo sita, kwa kawaida matatu kwa ngazi ya juu na matatu ya kawaida. Mwongozo unayapa masomo ya ngazi ya juu saa 240 za kufundishwa na ya kawaida 150. Kila somo lina alama 1 hadi 7, na alama tatu zaidi zinatokana na nadharia ya maarifa pamoja na insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, jumla 45. Juu yake kuna sharti la kushiriki ubunifu, michezo na huduma kwa jamii, ambalo halina alama lakini bila hilo hupati diploma. Ni mtaala ninaouheshimu sana, nao unamchosha kijana asiyejua kupanga muda wake. Anayekipenda kitu kimoja kwa moyo wote na kuyaona mengine mzigo atateseka humo.

Montessori ni habari nyingine kabisa, na kwa watoto wadogo nina mapenzi nayo. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907. Watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa chumba kimoja, hupewa takriban saa tatu mfululizo za kazi bila kengele, na vifaa vyenyewe ndivyo vinavyomsahihisha mtoto. Rudi kwenye sehemu: humo kuna duara za chuma, moja nzima, nyingine imekatwa vipande viwili, nyingine vitatu, hadi kumi, kila kipande kikiwa na kishikio kidogo. Mtoto anayejaza nusu kwa vipande vya robo anaona kwa vidole kwamba viwili vinatosha, miaka kadhaa kabla hajakutana na KDS. Kasoro yake iko kwenye lango: jina hilo halimilikiwi na chombo kimoja, hivyo shule yoyote inaweza kulibandika. Ukikuta watoto wametengwa kwa umri, vipindi vya nusu saa, na vifaa vimepangwa kabatini vikiwa safi mno, jina limebaki ukutani tu.

Kumpangia mtoto aliye mbele yako

Kwa mtoto ambaye bado hajashika kusoma, kuandika na kuhesabu, mimi ningechagua mfuatano ulio wazi kuliko ahadi yoyote ya ubunifu, mradi vipindi viwe na vitu vya kushika na mwalimu mwenye subira. Kijana wa sekondari aliyekwisha kuwa na msingi anafaidika zaidi na umahiri: miradi, mijadala, maabara ya kweli. Mtoto anayehamahama na wazazi kati ya nchi na nchi atafaidika na mtaala unaopatikana kotekote, Cambridge au IB, hata kama wa taifa ungekuwa bora mahali alipo leo. Na pale ambapo shule ya umahiri ina darasa la watoto sabini na ya maudhui ina ishirini na tano, chagua ishirini na tano.

Ukienda kutembelea shule, omba daftari badala ya kuonyeshwa ukumbi. Omba madaftari mawili ya darasa moja, la mtoto anayefanya vizuri na la anayesuasua, ya somo lolote, majina yakiwa yamefunikwa. Tazama lile la anayesuasua. Je, makosa yake yamejibiwa, au yamepigwa alama tu na kuachwa? Kosa lilelile linajirudia ukurasa kwa ukurasa? Kisha muulize mwalimu wa darasa, si mkuu wa shule, yeye hufanya nini mtoto akikwama kwenye mada na wenzake wamesonga. Mwenye mpango atakujibu kwa vitendo: anamweka nani naye, saa ngapi, kwa zoezi gani. Asiye nao atakujibu kwa maneno ya kipeperushi.

Na kama mtoto tayari yuko shuleni unataka kumhamisha kutoka mtaala mmoja kwenda mwingine, epuka kumtoa katikati ya hatua ya miaka miwili kama IGCSE au diploma ya IB, kwa kuwa nusu ya kazi yake inaweza isihesabiwe. Hamisha mwishoni mwa hatua. Chukua orodha za mada za shule zote mbili kwa hisabati na lugha, ziweke bega kwa bega, na piga mstari kila mada ambayo shule mpya inadhani ameisoma wakati ya zamani ilikuwa haijaifikia. Mada hizo ndizo za kufundishwa wakati wa likizo, kabla ya siku ya kwanza.